Mwalimu Anajibu: Pembe ya nje sio kila kilichobaki nje

Toleo lililopita nilimalizia na kaswali kadogo tu, kwamba pembe moja ya nje ya pembetano yenye pande sawa na kona sawa ni nyuzi ngapi, nikajua watu watajibu wasonge mbele na maisha, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimejaa, kuna walioandika 72 na kuna walioandika 252, na nasikia kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi bado watu wanabishana. Jibu ni 72. Ila waliosema 252 wasinune, naanza na wao maana swali lao ndo lenye nyama.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kijana wangu yuko Fomu Tuu, karudi na daftari lina kosa kubwa jekundu. Anasema ndani ni 108, kuzunguka kona nzima ni 360, sasa nje si inabaki 252? Na mimi nikimwangalia naona kama yuko sahihi tu, nje si ni kila kilichobaki nje? Mwalimu wake kaandika 72 basi, hajaeleza. Hiyo 72 imetoka wapi jamani? (Mama wa Fomu Tuu, Tegeta)

JIBU: Marahaba mama. Kutoa kwake hakuna shida, 360 kutoa 108 ni 252, na hiyo pembe ya 252 ipo kabisa pale konani, ukipitisha kidole kwa upande wa nje unaigusa. Shida ni kwamba sio hiyo inayoitwa pembe ya nje. Mwambie achukue rula, auburuze upande mmoja wa umbo upite kona na kuendelea mbele kama vile hakuna kona pale, halafu apime kati ya huo mstari alioongeza na upande unaofuata. Hiyo nafasi ndo pembe ya nje. Mstari ulionyooka una nyuzi 180, ndani imeshakula 108, nje inabaki 72.

Sasa najua atauliza, kwani nani aliamua iwe hivyo? Swali zuri, maana vitabu vingi vinachora ule mstari wa ziada vinaendelea tu kama vile ni sheria ya bunge. Sababu ni kwamba pembe ya nje inapima kugeuka. Leo jioni chora pembetano kubwa kwa chaki hapo barazani, na wala isiwe nzuri, pande zipishane, kona zipishane, mradi tu isiwe imebonyea kwa ndani. Mweke kijana kwenye kona moja aangalie upande anaotaka kuufuata, atembee mpaka kona inayofuata, akifika asigeuke kwanza, anyooshe mkono mbele uonyeshe kule ambako angeenda kama kusingekuwa na kona. Halafu ageuke afuate mstari wa chaki huku mkono kauacha ulipokuwa umeelekea. Kile alichogeuka, kutoka kwenye mkono mpaka kwenye mstari mpya, ndo pembe ya nje, na ataona mwenyewe kwamba ni kidogo, haiwezi kuwa 252, mtu ukigeuka 252 si unakuwa umerudi ulikotoka na kupitiliza.

Aendelee hivyo kona zote. Angalizo moja hapa, watoto wengi wakifika pale walipoanzia wanasimama wanajiona wamemaliza, wakati ile kona ya kuanzia hawajaigeuka bado. Wamegeuka mara nne tu, ukijumlisha inapungua. Lazima ageuke na pale mpaka aangalie kule kule alikokuwa anaangalia wakati anaanza. Akishafanya hivyo kajizungusha mzunguko mmoja kamili, nyuzi 360, wala hazizidi wala hazipungui. Futa chora pembetatu, futa chora yenye pande kumi, mzunguko ni ule ule mmoja, kona zikiwa nyingi kila moja inageuza kidogo zaidi, basi. Kwahiyo kama kona zote tano ni sawa unagawa tu, 360 kwa 5, ndo hiyo 72 yetu.

Na hapo utaona kwa nini 252 haikupewa cheo. Zijumlishe zote tano unapata 1260. Fanya hivyo hivyo kwenye mraba, 270 mara nne, 1080. Pembesita inakupa 1440. Kila umbo na namba yake, huna cha kushika. Lakini zile za kugeuka ni 360 siku zote, kwahiyo ukisahau kila kitu kwenye mtihani ukakumbuka 360 tu unatoka salama.

Mimi kwa maoni yangu hii ndo ilitakiwa kufundishwa kwanza, kabla ya ile kanuni ya jumla ya pembe za ndani, (n – 2) × 180, ambayo watoto wanaiimba tu. Kwenye kila kona, ndani jumlisha nje ni 180. Kona zikiwa n jumla yote ni 180 mara n, toa zile 360 za nje, kilichobaki ni cha ndani. Ile mbili inayotolewa kwenye n, ambayo wanafunzi wanakariri bila kujua imeingilia mlango gani, ni hizo hizo 360, yaani 180 mbili. Ukitaka njia ya kuchora pia ipo, unashika kona moja unavuta mistari kwenda kona nyingine, pembetano inakatika pembetatu tatu, 540. Wengine wanaweka nukta katikati wanapata pembetatu tano, 900, wanashangaa imezidi. Haijazidi, ile 360 inayoizunguka nukta ya katikati sio pembe ya umbo, iondoe inabaki 540 ile ile.

SWALI: Mwl shikamoo, umbo lina pembe za ndani zote sawa kila moja 156, lina pande ngapi? Mimi natumia kanuni nakwama kwenye aljebra. (Mwanafunzi, Iringa)

JIBU: Marahaba. Achana na aljebra. Ndani 156, nje 24, 360 gawa kwa 24 ni 15. Pande 15, umemaliza hata kalamu haijapata moto. Watungaji wa mitihani wakiamka vibaya wanaweka 155, hapo nje ni 25, 360 kwa 25 ni 14.4, na umbo lenye pande kumi na nne na pointi nne halipo duniani, kwahiyo unajibu kwamba haiwezekani. Usiogope kuandika hivyo kama hesabu imekataa.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi ni fundi vigae. Nina mteja kaniletea picha kwenye simu, baraza lote vigae vya pembe tano, kanogewa anataka vya kwake. Nimekata karatasi za boksi nikajaribu kupanga chini, kila nikiweka vitatu panabaki upenyo wa ajabu hapa, cha nne hakiingii. Nakosea wapi? (Fundi, Mwanza)

JIBU: Fundi, pongezi kwanza kwa kujaribu na boksi kabla ya kuwasha grinda, wengi wanaanza na kigae cha watu. Na hukosei popote. Pembetano yako ya pande sawa kila kona ni 108. Ukiweka tatu zikutane sehemu moja ni 324, na ili sakafu ijae lazima ifike 360, kwahiyo unaachiwa upenyo wa nyuzi 36. Ukiweka nne ni 432, imepitiliza, ndo maana ya nne inagoma. Hata uwe fundi wa namna gani haitaingia, grauti nayo haiwezi kuziba 36.

Kwa maumbo yenye pande sawa na kona sawa ya aina moja, sakafu inakubali matatu tu. Pembetatu, 60 mara sita. Mraba, 90 mara nne. Pembesita, 120 mara tatu. Ukipita hapo kila kona inazidi 120, tatu zikikutana zinavuka 360, mbili peke yake hazifiki, biashara imeisha. Pembenane kona yake ni 135, mbili ni 270, inabaki 90 kamili, na hapo ndo unaelewa kwa nini sakafu za pembenane lazima uone na kakigae ka mraba pale kwenye maungio. Fundi hakuamua tu kupendezesha, palikuwa na shimo la 90 linamwangalia.

Sasa picha ya mteja wako. Hajakudanganya, ila pembetano aliyoiona sio ile ya pande sawa. Zipo pembetano za kona zisizolingana ambazo zinajaza sakafu vizuri kabisa, na hizi zina historia tamu. Miaka ya 1970 kule California kulikuwa na mama wa nyumbani anaitwa Marjorie Rice, hesabu alisoma za sekondari tu, akasoma kwenye gazeti la sayansi kwamba wataalamu wanatafuta pembetano za namna hii, akaanza kuchora mwenyewe nyumbani na alama zake alizojitungia, akagundua aina nne mpya ambazo maprofesa hawakuziona. Aina ya 15 ilipatikana 2015 kwa msaada wa kompyuta pale University of Washington Bothell, halafu 2017 Mfaransa Michaël Rao akatoa uthibitisho kwamba kwa zile zisizobonyea hakuna nyingine zaidi ya hizo 15.

Ila wewe fundi huna haja ya kwenda mbali. Nunua vigae vya pembesita vya kawaida. Chukua kimoja, tafuta katikati ya upande mmoja na katikati ya upande unaotazamana nao, piga mstari, kata. Umepata vipande viwili, na kila kimoja kina kona tano, mbili za 90 pale ulipokata na tatu za 120. Jumlisha, 540, ni pembetano halali isiyo na mashaka. Na vitaingia tu sakafuni kwa sababu vilitoka kwenye pembesita ambayo tayari inaingia. Panga rangi mbili, nusu nyeupe nusu kijivu, mteja atakupigia simu kukushukuru. Ila hesabu na vya kuvunjika, maana unapasua kila kigae.

SWALI: Hujambo mwalimu, nimesoma ulipogusia mambo ya pembetano toleo lililopita. Mbona mipira yetu ile ya kizamani nyeusi na nyeupe ina pembetano nyeusi na zimeshonwa na nyeupe bila nafasi yoyote? (Kocha wa watoto, Kisauni)

JIBU: Sijambo kocha, na swali lako linaungana kabisa na la fundi hapo juu. Ule mpira una vipande 32, vyeusi 12 vya pembetano na vyeupe 20 vya pembesita, na ulivuma dunia nzima baada ya Kombe la Dunia la 1970 Mexico, ulikuwa unaitwa Telstar. Sasa tafuta mmoja, hata uliochakaa, weka kidole pale nyuzi za kushonea zinapokutana. Kila unapogusa utakuta kipande cheusi kimoja na vyeupe viwili. Piga hesabu, 108 na 120 na 120, ni 348. Imepungua 12 kufika 360.

Ukiwa unapanga sakafuni hizo 12 ni upenyo. Ila mshonaji wa mpira hakubali upenyo, anavuta kingo mbili zikutane, na akishavuta ngozi haiwezi tena kulala bapa, lazima ivimbe. Mpira umepata uduara wake kwenye hizo 12. Vipeo, yaani hizo sehemu vipande vitatu vinapokutana, viko 60, 60 mara 12 ni 720. Halafu chukua boksi la kawaida, kona nane, kila kona zinakutana 90 tatu yaani 270, pungufu 90, nane mara 90 tena 720. Umbo lolote la kujifunga lisilo na tundu la kupita kama tairi linatoa 720, kitu alichokigundua mwanahisabati Mfaransa René Descartes karne ya 17. Na ndo maana huwezi kushona mpira kwa zile nyeupe tupu, tatu za 120 ni 360 kamili, hakuna kinachopungua, utashona mpaka kesho unatoa mkeka.

SWALI: Natengeneza meza ya juu pande sita, fremu yake vipande vya mbao vinakutana konani, kila nikikata vinaacha mwanya. Nimekata 60 kwa sababu pembe ya nje ni 60. (Seremala, Keko)

JIBU: Gawa hiyo kwa mbili kaka. Pembe ya nje inagawanywa na mbao mbili zinazokutana, kila moja inabeba nusu, kwahiyo kwenye mashine unaweka 30. Fremu ya picha ya kona nne unaweka 45 kila siku, si ndo nusu ya 90? Hujawahi kujiuliza tu. Pande nane ni 22.5, pande tano ni 36. Nazungumzia mashine ambayo sifuri yake ni mkato ulionyooka kukatiza mbao, kama unapima kuanzia ukingo wa mbao basi hapo 60 yako ni sawa. Na meza yako ina mikato 12, mashine ikidanganya nusu nyuzi tu kila mkato, ukifika kipande cha mwisho una nyuzi 6 nzima zinakucheka. Jaribu kwanza kwenye vipande vya mbao mbovu.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mstaafu, najenga. Ramani yangu ni umbo la L, kona sita. Mjukuu anasema kanuni zenu za pembe hazifanyi kazi kwenye nyumba yangu kwa sababu ina kona imeingia ndani. Ni kweli? (Babu, Morogoro)

JIBU: Shikamoo babu. Mjukuu ana akili ila kanuni inafanya kazi vizuri tu. Kona tano za nyumba yako ni 90 kila moja, ile iliyoingia ndani ukiipima kwa kukaa ndani ya nyumba ni 270. Tano mara 90 ni 450, jumlisha 270 unapata 720. Kanuni inasema 6 kutoa 2 ni 4, mara 180, 720. Imekaa.

Anapopata shida nadhani ni kwenye pembe za nje, maana 180 kutoa 270 inatoa hasi 90 na mtu anashtuka. Azunguke msingi kwa miguu. Kona tano atageuka kushoto, ile ya sita atageuka kulia, yaani anarudisha alichogeuka. 450 kutoa 90, 360 yetu hii hapa. Hiyo hasi inasema tu umegeukia upande wa pili.

Na kwa kuwa unajenga babu, hii itakufaa na kwenye kiwanja. Wapima ardhi wakizunguka kiwanja wanapima pembe ya kila bikoni halafu wanajumlisha, bikoni tano lazima zikaribie sana 540, bikoni sita 720. Ikipishana padogo wanairekebisha kwa taratibu zao, ikipishana pakubwa wanarudi saiti. Ukipewa karatasi yenye pembe zimeandikwa, jumlisha mwenyewe na kikokotoo cha simu, haikugharimu kitu.

SWALI: Mwl, je nyota ya ncha tano kama ya bendera ya Morocco, kila ncha ni nyuzi ngapi? Nimejaribu kanuni ya pande tano nimepata 108 na kwa macho tu naona sio. (Fomu Foo, Tanga)

JIBU: Macho yako yako vizuri. Ile nyota inachorwa bila kuinua kalamu, mistari mitano inayokatizana, na kanuni ya 540 ni ya umbo ambalo pande zake hazikatizani. Lakini kutembea bado kunafanya kazi. Ifuate nyota ukigeuka kila ncha mpaka urudi ulikoanza, hesabu umejizungusha mara ngapi, utakuta ni mara mbili sio moja. Kwahiyo 720 gawa kwa 5, unageuka 144 kila ncha, na ncha yenyewe ni 180 kutoa 144, ni 36. Tano zote zinafanya 180.

Ukiwa na muda chora nukta saba kwenye duara uzigawe sawa. Nyota za ncha saba ziko za aina mbili, ukiwa unaruka nukta moja moja unajizungusha mara mbili na ncha zote zinajumlisha 540, ukiruka mbili mbili unajizungusha mara tatu na jumla inashuka mpaka 180, zinakuwa nyembamba kama miiba.